Dunia ya Kimya Ilivyotazamwa Sindeni

Mimi si mtu wa bahari. Nimezaliwa Sindeni, nimefundisha shule za msingi za Handeni mpaka nikastaafu, na maji mengi kuliko yote niliyoyazoea ni ya lambo, yale ambayo ng'ombe na watu hugombania wakati wa kiangazi. Kwa hiyo msomaji ana haki ya kuuliza nimepata wapi ujasiri wa kuhakiki filamu ya wazamiaji. Nimeupata kwa mpwa wangu. Kijana huyu wa dada yangu ni daivumasta huko Unguja, maana yake ni kiongozi anayewatangulia wageni chini ya maji na kuwarudisha juu wakiwa hai. Mwaka jana alipokuja likizo alituonyesha kwenye kompyuta yake ya mkononi filamu ambayo, alisema, walionyeshwa wakati wa mafunzo kama historia ya kazi yao.

Filamu yenyewe ni Le Monde du silence, yaani Dunia ya Kimya, ya Jacques-Yves Cousteau na Louis Malle. Ilitoka mwaka 1956, ikapata tuzo kuu ya Cannes mwaka huohuo, na baadaye Oscar. Cousteau ndiye yule ambaye mwaka 1943, pamoja na mhandisi Émile Gagnan, alitengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa ya mtungi kila anapovuta pumzi. Nakala ya mpwa wangu ilikuwa na maelezo ya Kiingereza, nami nikawa mkalimani wa dada na majirani waliojaa sebuleni.

Tukianza na fani, kama tulivyozoea darasani, sina ugomvi. Filamu inafunguliwa na wazamiaji wanaoteremka gizani wameshika mienge inayowaka ndani ya maji, na moshi wa mapovu ukipanda juu yao. Mzee mmoja jirani yangu alisema huo ni uganga mtupu. Kwa watu ambao bahari wanaijua kwa dagaa na ng'onda wanaoletwa gulioni, dakika zile tano zilitosha kulipa usiku mzima.

Ugomvi wangu uko kwenye maudhui. Filamu hii inamwonyesha mzamiaji kama shujaa aliyezaliwa hivyo. Hatumwoni akijifunza. Nimeyafuatilia mafunzo ya mpwa wangu kwa simu na kwa barua, nami najua kwamba kazi hiyo haina ushujaa mwingi. Ina hesabu nyingi. Ili aanze kozi ya daivumasta alitakiwa awe na miaka 18 na awe amezamia mara 40, na kabla ya kupewa cheti zifike 60. Aogelee mita 400 bila kupumzika. Aelee dakika 15. Amkokote mtu aliyechoka mita 100. Mtoto wa Sindeni! Kuogelea kwenyewe alikujulia Tanga, ufukweni Raskazone, akiwa ameshaota ndevu.

Kisha kulikuwa na kitabu, nacho kilikuwa cha Kiingereza. Alikuwa akinipigia simu usiku kuniuliza maana ya sentensi, nami nikifungua kamusi, tukiogopa sote wawili, kwa sababu katika kitabu kile neno likieleweka vibaya mtu anakufa. Kanuni ya kwanza ni kutozuia pumzi kamwe. Ukiwa mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Ukijaza mapafu hapo kisha ukapanda umefunga mdomo, hewa ileile inataka nafasi mara mbili, na mapafu hayana nafasi hiyo. Ndiyo sababu wanapanda taratibu, wanasimama dakika tatu kwenye mita tano, wanatazama saa, ndipo wanamalizia. Naitrojeni iliyoingia mwilini lazima ipewe muda wa kutoka.

Majedwali ya kwanza ya kupanda kwa vituo, yaliyochapishwa mwaka 1908, yalitokana na majaribio ya mtaalamu Mskoti, John Scott Haldane, aliyewafungia mbuzi ndani ya chemba ya mgandamizo. Mbuzi aliyetolewa haraka mno aliinua mguu wa mbele kwa maumivu asiukanyage. Nilipomweleza dada jambo hili alielewa mara moja kuliko nilivyoelewa mimi na kamusi yangu. Amefuga mbuzi maisha yake yote.

(Niseme pia, maana ni haki isemwe, kwamba kampuni iliyomfundisha ilimbebesha mitungi zaidi ya mwaka mzima bila mshahara, huku wanafunzi wa kigeni wakija, wakilipa, na kuondoka na cheti baada ya wiki chache. Sitaitaja. Cheti alikipata.)

Kwa ajili hiyo sehemu ninayoiheshimu zaidi katika filamu ni ile ya kamba-koche. Mzamiaji mmoja anawafuata chini sana, anapanda vibaya, viungo vinamuuma, na wenzake wanamwingiza kwenye chemba ya chuma. Hapo ndipo bahari inapomdai mtu hesabu yake. Mpwa wangu alisimamisha picha na kutueleza dakika kwa dakika kosa lilikuwa wapi. Nikaona kijana ameiva.

Halafu ikaja sehemu iliyonifanya niandike makala haya. Mabaharia wa meli ya Calypso wanataka kujua ni samaki wa aina gani wanaishi kwenye mwamba fulani wa matumbawe. Wanaulipua kwa baruti. Maji yanaruka, samaki wanaokotwa, wanapangwa. Bunju mmoja amevimba anakufa polepole. Msimulizi anatuambia kwa utulivu kwamba kwa mvuvi kitendo hiki ni uharibifu, ila kwa mwanasayansi ndiyo njia pekee ya kuhesabu.

Mkazi wa Mkoa wa Tanga hawezi kuisikiliza sauti hiyo kwa utulivu. Baruti imekatazwa na sheria yetu ya uvuvi tangu 1970, na bado kwa miongo mingi matumbawe ya Tanga yalipigwa mpaka yakawa kokoto, hadi ule msako mkali wa miaka ya karibu na 2016 ulipopunguza milio. Wavuvi wetu walifungwa. Wengine walipoteza viganja. Cousteau alipewa tuzo.

Nilikuwa nikiyasema hayo kwa sauti, nikijisikia mhakiki hasa, mpwa wangu akanikatiza.

"Mjomba, samaki wa baruti wengi hawaelei. Wanazama. Lazima awepo mtu wa kushuka kuwaokota."

Nikamuuliza amejuaje.

"Nilikuwa mimi. Pale Tanga, kabla ya Unguja."

Sebule ikanyamaza. Dada akatazama juu, kwenye paa.

"Yale mabati?"

"Ndiyo, mama."

Filamu iliendelea yenyewe. Mtoto wa nyangumi alikatwa na rafadha, papa wakaja kumla, mabaharia wakawavuta papa sitahani na kuwakatakata kwa hasira. Hakuna aliyenitaka nitafsiri.

Najua Cousteau alibadilika. Mwaka 1973 alianzisha jumuiya ya kuilinda bahari, na hadi anafariki mwaka 1997 dunia ilimjua kwa kazi hiyo. Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka sehemu zile zikatwe. Lawama yangu kwa filamu ni ule utulivu wa msimulizi, kwamba anajipa ruhusa bila kumwuliza yeyote anayeishi kwenye bahari ile. Na lawama yangu kwa waliomfundisha mpwa wangu ni kwamba, kama alivyonisimulia, ilipofika sehemu ile walicheka kidogo, wakasogeza mbele.

Sasa naye ana vijana wanne wa pwani anaowafundisha. Ameniomba nimwandikie maneno ya msimulizi kwa Kiswahili ili awasomee, na kwenye baruti asimamishe picha kama alivyosimamisha kwenye kamba-koche. Nimeshamaliza mienge. Nimefika kwenye "njia pekee", na sentensi hiyo nimeiandika mara tatu na kuifuta, kwa sababu kila ninapoiweka kwa Kiswahili fasaha inakuwa maneno ya mvuvi wa baruti akijitetea mahakamani.