Sekunde Kumi na Tano za Magadi

Mpiga picha za nyota huanza na kalenda kabla ya kamera. Huyu ninayemzungumzia ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari jijini Nairobi. Picha ni starehe yake ya wikendi, na wikendi zenyewe huchaguliwa na mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, hatoki. Husubiri giza, siku zile zile ambazo wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria huingia kazini na taa zao, kisha hupakia gari na kuteremka Magadi, zaidi ya kilomita 100 kusini magharibi mwa jiji.

Hufika kungali mchana. Huzunguka upande wa kusini wa Ziwa Magadi, karibu na chemchemi za moto, akitafuta kitu cha kukaa chini ya anga: mgunga uliokauka, au mahali ambapo tabaka jeupe la magadi limepasuka na kukunja kingo zake. Anachuchumaa, anatazama, anasogea hatua mbili, anachuchumaa tena. Taa za kiwanda cha magadi anazipa kisogo. Siku niliyofuatana naye, aliukataa mti mmoja mzuri nami nikashangaa. Akanyoosha mkono tu. Nyuma ya mti ule ni magharibi, na mwezi wa Juni kitovu cha Njia ya Maziwa huchomoza kusini mashariki. Mahali kitakapokuwa saa nne usiku anapajua tangu jua halijazama.

Tripodi anaisimamisha fupi, bila kuvuta vile vipande vyembamba vya mwisho, maana ndivyo hutikisika upepo ukivuma. Chini ya kila mguu anaweka kipande cha ubao, kwani tabaka la magadi huweza kudidimia polepole, tena magadi hula aluminiamu. Katikati ananing'iniza mfuko wa mawe. Anaigusa kamera kwa kidole, anaitazama inavyotulia, anaongeza jiwe moja.

Jua likishazama, hakuna haraka. Huchukua zaidi ya saa nzima mpaka mwanga wa mwisho uishe angani. Wakati huo anakunywa chai ya chupa na kuyaacha macho yazoee. Taa ya kichwani ni nyekundu, kwa kuwa mwanga mweupe ukimulika mara moja, macho hudai karibu nusu saa nyingine.

Sasa inakuja fokasi, na hapa ndipo nilipomheshimu. Alama ya umbali usio na mwisho kwenye lenzi haiamini. Anachagua nyota moja angavu, anaikuza kwenye kioo cha kamera, kisha anazungusha pete ya lenzi kwa ncha za vidole viwili. Nyota inaonekana kama doa pana lenye ukungu. Inapungua, inapungua, inakuwa nukta, halafu inaanza kunenepa tena: amepita. Anarudi nyuma kidogo. Anapita tena, safari hii kwa unywele. Anarudi. Akiridhika, anabandika utepe juu ya pete isihame. Baada ya muda anaubandua na kuanza upya, kwa sababu joto la Magadi limeshuka na lenzi nayo imepoa.

Muda wa kila picha ni sekunde 15. Anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na pale Magadi, nyuzi mbili hivi kusini mwa ikweta, nyota za mashariki hupanda karibu wima. Kamera ikiachwa wazi mno, nukta hugeuka vijistari. Kanuni ya zamani husema ugawe 500 kwa urefu wa lenzi. Kwa lenzi yake ya milimita 14 ingempa karibu sekunde 36. Anaikataa, maana kamera za leo huonyesha kile ambacho filamu ilikisamehe. Anaweka ISO 3200, anafungua tundu la lenzi lote, anaipa kamera sekunde mbili za kungoja ili mtikiso wa kidole uishe, kisha anarudi nyuma na kusimama. Hakuna anayetembea. Anapiga picha 16 za mahali pale pale.

Kisha anafunika lenzi na kupiga nyingine 16 za giza tupu. Mpita njia angecheka. Lakini picha hizo hubeba kasoro za kamera peke yake, zikiwa katika joto lile lile, na baadaye zitatolewa kutoka kwenye zile za nyota. Kundi la nyota la Kilimia linapochomoza kabla ya alfajiri, yeye anafuta miguu ya tripodi kwa maji baridi.

Nyumbani hutumia Siril, programu ya bure, kuzipanga picha nyota juu ya nyota na kutafuta wastani wake. Chengachenga za picha 16 hubaki robo. Zinapopungua hivyo, vumbi jeusi la Njia ya Maziwa linajitokeza lenyewe. Yeye hakuchora kitu. Wapo wanaobandika anga la jangwa moja juu ya mlima wa nchi nyingine, na picha zao hung'aa kuliko zake. Mimi naona zake ndizo bora, kwa sababu mti na nyota zilizomo vilikuwa pamoja kweli.

Ukitaka kujaribu, simu nyingi za sasa zina hali ya usiku. Subiri giza la mwezi, iegemeze simu kwenye jiwe, weka kipima muda cha sekunde chache, na usiiguse mpaka imalize.