Jicho Kabla ya Vazi



Hapana awezaye kukanusha kwamba harakati za haki za wanawake zimefika mbali katika nchi yetu. Hapa Dodoma, mwaka 2010, Bibi Anne Makinda alikuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika wa Bunge. Na tarehe 22 Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alilihutubia Bunge hilo kwa mara ya kwanza akiwa Rais.

Siku 40 baadaye, tarehe 1 Juni, mbunge mmoja mwanamume alisimama bungeni humo kulalamikia mavazi ya wenzake wanawake. Alimwonyesha mmoja wao, Bibi Condester Sichalwe wa Momba, akamtaka Spika aitazame suruali aliyoivaa. Spika wa wakati huo, marehemu Job Ndugai, akamwamuru bibi yule atoke akavae vizuri, ndipo arudi. Mwaka 2018 Spika huyo alikuwa amekwisha kupiga marufuku kope na kucha za bandia bungeni.

Mimi si mtetezi wa suruali ya kubana. Stara ni amri, na kwetu haina mjadala. Lakini tuangalie amri yenyewe ilivyopangwa. Katika Surat An-Nur, aya ya 30 imewaamrisha wanaume wainamishe macho yao. Ndipo aya ya 31 ikawageukia wanawake, nao wainamishe macho na wajisitiri. Jicho limetangulia vazi. Basi yule aliyeitazama suruali, kisha akawataka na wengine waitazame, ameitii aya ipi? Kama nia ni nasaha, nasaha hunong'onezwa. Ikitangazwa mbele ya watu huwa fedheha, na kumfedhehesha mtu si kumsitiri.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya bungeni tu. Majumbani mwetu huko Mwambao, binti hurudi na shahada yake, na neno la kwanza analopokewa nalo ni kwamba amekuwa mweusi. Akichumbiwa, hutafutiwa mkorogo ili ang'ae siku ya harusi, na katika baadhi ya mikorogo hiyo mna zebaki iharibuyo figo. Muuza duka humwambia hapendezi mpaka anunue. Mkemeaji humwambia hafai mpaka atoke nje. Maneno yao mbalimbali, mizani yao moja: ngozi na kitambaa. Hapana aliyeuliza elimu yake, ibada yake, wala hoja aliyokuja nayo.

Hapo ndipo harakati zilipokwama. Kiti amepewa, lakini akikikalia hutazamwa kabla hajasikilizwa.

Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba Mwenyezi Mungu haangalii sura zetu, bali huangalia nyoyo na vitendo. Basi ewe baba, mfundishe mwanao wa kiume aya ya 30 kabla hujamsomea dada yake aya ya 31. Nawe mama, uutupe mkorogo huo, na binti akirudi nyumbani, muulize kwanza amesoma nini.

Wabillahi Tawfiq.