Sentensi Inayosema Mtoto Amefika Wapi

Katika mpango wa elimu wa mwanafunzi mmoja mmoja, sentensi ngumu kuliko zote ni ile inayoeleza mtoto amefika wapi. Malengo huja baada yake, na vitabu baada ya malengo. Mwalimu mwenye haraka huandika: "Ana shida ya kusoma." Mwalimu anayeijua kazi huandika kwamba mtoto husoma vizuri hadithi ya darasa la pili mpaka akutane na neno refu, hapo hutazama herufi ya kwanza na kubahatisha zilizobaki, lakini akiombwa arudie, mara nyingi hujisahihisha mwenyewe. Sentensi ile fupi ni hukumu. Hii ndefu imeshabeba njia ya kupita: mtoto anaweza kujisahihisha, basi afundishwe kurudi nyuma kabla hajaambiwa.

Ufundi huu naupenda zaidi jinsi unavyofanyika California, katika shule za mkataba ambazo wanafunzi wake husomea nyumbani. Ni shule za umma: fedha zinatoka serikalini, hazitozi ada, hazifundishi dini. Tofauti yake ni kwamba zinaendeshwa kwa mkataba maalumu, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 1992, mwaka mmoja baada ya jimbo la Minnesota kutangulia. Mzazi ndiye anayekaa na mtoto kila siku. Mwalimu mwenye leseni ndiye mwenye dhamana. Kwa kawaida hukutana na familia angalau mara moja kila siku 20 za shule, akakagua madaftari, akachagua sampuli za kazi, na akaamua kazi ile ina thamani ya siku ngapi za masomo.

Fikiria ugumu wa nafasi hiyo. Anayeandika mpango hayupo mtoto anapokasirika, wala hayupo anapoelewa. Macho yake yako kichwani mwa mama au baba, kwa hiyo lazima ajue kuuliza. Mama akisema mwanawe anachukia hesabu, mwalimu stadi habishani wala hakubali. Anauliza: jana alipokataa kuendelea, alikuwa amefika swali la ngapi? La sita. Daftari linafunguliwa. Maswali matano ya kwanza ni ya namba tupu, na yote kayapata. La sita lina maelezo ya mistari mitatu kuhusu mikate na wateja. Hesabu haina kosa hapo; kilichomshinda ni kusoma, na mpango mzima unageuka kwa sababu ya swali moja lililoulizwa kwa upole.

Kwa mtoto mwenye ulemavu, mpango huwa hati ya kisheria. Haki ya kupata mpango huo ilianza na sheria ya taifa ambayo Rais Gerald Ford aliitia saini Novemba 1975, na haipotei mtoto anaposomea nyumbani chini ya shule ya mkataba, kwa kuwa bado ni mwanafunzi wa shule ya umma. Mzazi ni mjumbe kamili wa kikao kinachouandaa. Mpango hupitiwa upya angalau mara moja kwa mwaka.

Hapa ndipo mkono wa fundi unapoonekana, kwenye lengo. "Ataboresha usomaji wake" ni maneno yasiyoweza kushindwa, na kwa sababu hiyo hayawezi pia kufaulu. Lengo linalopimika husema: akipewa aya ya kiwango cha darasa la tatu ambayo hajawahi kuiona, atasoma kwa usahihi maneno 95 kati ya 100, katika majaribio matatu kati ya manne, ifikapo mwezi Mei. Mtu yeyote anaweza kulikagua, hata shangazi aliyekuja kutembea. Nyuma ya namba hizo kuna uamuzi mgumu, kwa sababu lengo likiwa chini sana mtoto anapoteza mwaka, na likiwa juu sana anajifunza kwamba yeye ni mtu wa kushindwa.

Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Endrew F., mtoto wa Colorado mwenye usonji. Wazazi wake walilalamika kwamba mipango yake ilikuwa ikibeba malengo yaleyale mwaka hadi mwaka, huku yeye hasogei. Majaji walikubaliana kwa kauli moja, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu John Roberts, kwamba mpango lazima uwe umeandaliwa kwa namna inayotarajiwa kumwezesha mtoto kupiga hatua inayolingana na hali yake. Naipenda hukumu hiyo kwa sababu inatambua kosa ambalo kila mwandishi wa mipango analijua: kunakili ukurasa wa mwaka jana na kubadili tarehe.

Kuna mahali ufundi huu unatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Chukua familia iliyotoka Kivu, mashariki mwa Kongo, ikapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa inaishi San Diego. Mtoto alijifunza kusoma kwa silabi za Kiswahili, ambamo kila irabu hutamkwa. Akiona neno la Kiingereza "make" anasoma ma-ke. Akiona "time" anasoma ti-me. Mpimaji asiyejua anaweza kushuku tatizo la kujifunza. Anayejua anaona akili inayofuata kanuni kwa uaminifu, ila kanuni za lugha nyingine. Sheria yenyewe inakataza kumhesabu mtoto kuwa mlemavu ikiwa sababu kuu ni kutokujua Kiingereza vya kutosha, na inataka apimwe kwa lugha yake inapowezekana. Lakini sheria haisikii "ma-ke". Anayesikia ni mwalimu, kama ametega sikio, au mama, kama ameulizwa.

Mwalimu mwema pia haandiki mpango ulioshonwa ukabana. Huacha nafasi, kama fundi cherehani anavyoacha pindo pana kwenye sare ya mtoto anayekua. Kazi za wiki nne zikionyesha lengo limefikiwa mapema, anaitisha mazungumzo kuliinua. Zikionyesha mtoto amekwama palepale, anabadili njia kwanza kabla ya kushusha lengo, na hilo linahitaji ujasiri, maana karatasi ni rahisi kuibadili kuliko ufundishaji.

Mwanafunzi anapokaribia utu uzima, kalamu huanza kuhama mkono. Sheria inataka mpango utakaokuwa ukitumika anapotimiza miaka 16 uwe tayari unazungumzia maisha baada ya shule, na mwenyewe aalikwe kikaoni. Wengine huja wakakaa kimya. Lakini aliyezoeshwa tangu utotoni kuulizwa amekwama wapi huja na majibu: niwekewe maswali machache kwa kila ukurasa; nipewe maelezo ya kazi kwa maandishi, nikiambiwa kwa mdomo nasahau la pili; asubuhi naandika vizuri, jioni siwezi. Mwalimu anayaandika kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe, kwenye sehemu ileile inayosema amefika wapi.