Heko Wahandisi wa Bell Labs
Pongezi za dhati kwa watafiti wa umeme na kompyuta wa Bell Labs, Marekani. Mwaka 1947, John Bardeen na Walter Brattain walionyesha transista ya kwanza. Leo simu moja hubeba mabilioni yake. Mwaka 1948, Claude Shannon alitoa nadharia ya habari, msingi wa kila ujumbe tunaotuma. Mwaka 1954 ikazinduliwa seli ya sola ya silikoni, iliyogeuza takribani asilimia 6 ya mwanga wa jua kuwa umeme. Matunda yake tunayaona vijijini kwetu: sola huwasha taa za zahanati na kuchaji simu mahali nguzo za umeme hazijafika. Wahandisi hawa wametufaa sana. Vijana wetu wanaosomea fani hii nao wapewe maabara zenye vifaa kamili.