Jina la Adui: "Uasi wa Waarabu" na Vita vya Pangani, 1888–1889

Maandishi ya Kijerumani yaliyaita mapigano yaliyozuka Pangani Agosti 1888 "Uasi wa Waarabu". Kila neno katika jina hilo linastahili kuhojiwa. Mwasi ni yule anayemkaidi mtawala halali. Ilhali Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa mpangaji tu, iliyokodishiwa pwani na Sultani Khalifa kwa mkataba wa Aprili 1888. Aidha, aliyeiondoa bendera ya Sultani mjini Pangani ni wakala wa Kampuni hiyo, Emil von Zelewski. Hata hivyo, aliyenyongwa kama mwasi Desemba 1889 ni Abushiri bin Salim al-Harthi.

Nalo neno "Waarabu" linapotosha. Mama yake Abushiri alikuwa Mworomo, naye mwenyewe alikuwa na uhasama wa miaka mingi na ukoo wa Busaidi uliotawala Unguja. Glassman (1995) anaonesha kwamba umati wa Pangani ulichanganya Washirazi, watu wa bara na hata watumwa. Umati wa namna hiyo usingemfaa Bismarck. Bunge la Berlin liliombwa fedha za kupambana na biashara ya watumwa, na "Mwarabu" alikwisha kuwa kisawe cha mfanyabiashara ya watumwa. Januari 1889 liliidhinisha maraki milioni mbili.

Nguvu ya jina hilo ilitokana na ukweli wake nusu. Mashamba ya miwa ya Pangani, likiwemo la Abushiri, yalilimwa na watumwa. Mhakiki anayelifumbia macho jambo hili anaitetea pwani kwa uongo. Lakini washindi nao hawakuufuta utumwa: waliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya 1905 wawe huru.

Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliuita utenzi wake *Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima*. Kitenzi "kutamalaki" kinataja lengo ambalo "uasi" unalificha. Hata hivyo, "Wadachi" nalo ni jina la jumla mno, kwani askari wengi wa Wissmann walikuwa Wasudani na Washangani wa Msumbiji. Jina lililozoeleka leo, "Vita vya Abushiri", limemwondolea adui kabila lake, likauondoa pia umati uliomtangulia Abushiri mwenyewe katika mitaa ya Pangani.