Sifa za Namba Sita

Anayetaka kumwona kiungo mkabaji akiwa kazini sharti aache kuufuata mpira kwa macho. Mpira ukiwa kwa winga wa kushoto, amtafute namba sita kule katikati, mbele ya mabeki wa kati. Atamwona akisogea hatua mbili kulia, akigeuza shingo kuchungulia nyuma ya bega, kisha akirudi hatua moja. Mpira hajaugusa, na mtangazaji hajamtaja. Lakini pasi ambayo namba kumi wa timu pinzani alikuwa anaisubiri imekufa kabla haijapigwa. Sehemu kubwa ya kazi ya namba sita ni mambo ambayo hayakutokea, na nani atayahesabu?

Ndiyo maana namsifu Claude Makélélé. Wapo waliocheza nafasi hiyo kwa mbwembwe zaidi yake, na wapo waliokuwa na miguu mirefu na mashuti makali. Sijamwona mwingine aliyeifanya kuwa ufundi uliokamilika, usiohitaji nyongeza.

Alizaliwa Kinshasa Februari 1973, nchi ikiitwa Zaire. Mwaka uliofuata Zaire ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, kisha ikaenda Ujerumani Magharibi ikiwa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Baba yake naye alikuwa mwanasoka. Claude alipelekwa Ufaransa angali mtoto mdogo, akakulia Savigny-le-Temple, nje kidogo ya Paris.

Hakuanza na ukabaji. Nantes walikuwa wakimpanga sana upande wa kulia, kijana wa mbio na chenga, na akiwa nao alitwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 1995. Alipita Marseille kwa msimu mmoja, akaenda Celta Vigo mwaka 1998, na huko akapangwa katikati pamoja na Mazinho, Mbrazili aliyetwaa Kombe la Dunia 1994. Nikimtazama Makélélé wa miaka ile naona mbio zilezile za winga zikitumika kwa kazi nyingine. Zamani alikimbia ili aonekane yuko huru, na sasa anakimbia ili mwingine asipate uhuru huo.

Na hapa nataka kukaa kidogo, maana ufundi wenyewe uko hapa. Watu hudhani mkabaji ni mtu wa rafu, anayejirusha chini na kuchafua bukta. Makélélé alikuwa wa kusimama. Aliupima umbali kati yake na mabeki wake kwa namna ambayo mshambuliaji alijikuta hana pa kugeukia: akishuka kufuata mpira anakutana naye, akibaki juu yuko mikononi mwa mabeki. Mwili wake aliuweka kiubavu, bega moja likielekea goli lake na jingine likielekea la wenzao, hivyo mpira ulipomfikia alikuwa amekwisha kujua pa kuupeleka. Aliugusa mara moja au mara mbili, akampa aliye huru, na mara nyingi huyo alikuwa hatua tano tu kutoka kwake. Vijana wengi huidharau pasi ya hatua tano. Mimi naiheshimu kuliko mpira mrefu wa kushangiliwa, kwa sababu anayeipokea anaipokea akiwa ametulia, uso ukitazama mbele, na adui ameachwa nyuma. Fundi wa kukalafati jahazi hufanya kazi ya namna hiyo: anaziba nyufa kwa pamba iliyolowa mafuta, na chombo kikishafika salama anasifiwa nahodha.

Real Madrid walimchukua mwaka 2000. Katika misimu mitatu walitwaa ubingwa wa Hispania mara mbili, na mwaka 2002 wakalibeba Kombe la Ulaya mjini Glasgow. Katika vibanda umiza watu bado wanalisimulia bao alilofunga Zidane siku ile kwa mguu wa kushoto, mpira ukitoka angani, na wana haki, lilikuwa bao la ajabu. Lakini krosi iliyozaa bao lile ilitoka kwa Roberto Carlos, beki aliyekuwa akipanda mbele mechi nzima kama ambaye hana goli la kulinda. Mtu hupanda hivyo anapojua kwamba kuna mwenzake atakayeifunika nafasi anayoiacha.

Kiangazi cha mwaka 2003 Makélélé aliomba nyongeza ya mshahara, akanyimwa. Mwaka huohuo klabu ilimnunua Beckham, na yeye akaondoka kwenda Chelsea. Real Madrid hawakuuona tena ubingwa wa Hispania hadi 2007. Sisemi sababu ilikuwa ni yeye peke yake. Nasema hesabu iliyomwona ghali ilikuwa hesabu mbaya.

Uingereza ilikuwa nchi ya viungo wawili wanaokabana na viungo wawili. Chelsea walipomweka yeye nyuma ya wenzake wawili, wapinzani hawakujua wafanyeje: wakimfuata wanawaachia nafasi wale wa mbele, wakimwacha anapata muda wote anaoutaka. Msimu wa 2004/05 Chelsea walifungwa mabao 15 tu katika mechi 38 za ligi wakatwaa ubingwa, na Waingereza wakaipa nafasi ile jina lake.

Katika timu ya taifa ya Ufaransa alikwisha kustaafu, lakini Agosti 2005 alirudi pamoja na Zidane na Thuram. Kombe la Dunia la 2006 likamkuta akicheza na Patrick Vieira, aliyezaliwa Dakar, nyuma ya Zidane, mtoto wa wazazi kutoka Algeria. Jean-Marie Le Pen, mwanasiasa wa mrengo mkali wa kulia ambaye tangu 1996 alikuwa akilalamika kuhusu asili za wachezaji wa timu hiyo, alisema kwamba huenda wachezaji wasio weupe wamezidi katika timu. Timu hiyo ilifika fainali Berlin, na katika mechi saba ilifungwa mabao matatu, moja la penalti na jingine la kona. Makélélé hakuwahi kuifungia Ufaransa hata bao moja katika mechi zake 71. Mtu aliyelinda lango la nchi namna ile hadaiwi cheti kingine cha uzawa, na Kinshasa nayo ina haki ya kujivunia kila hatua aliyopiga.

Turudi nyuma kidogo tuone wenzake walivyomthamini. Mei 2005, siku Chelsea walipokabidhiwa kombe la ligi uwanjani kwao, walikuwa sare na Charlton, dakika zikiyoyoma, wakapata penalti. Walikuwapo mafundi wengi wa penalti katika timu ile, ila wenzake walimsukuma yeye aende, yeye ambaye hakuwa ameifungia klabu bao lolote. Alipiga, kipa akaucheza, mpira ukamrudia, akaupiga tena ukaingia. Timu nzima ikamkimbilia.