Pongezi kwa Wazee wa Desemba 9

Desemba 9, familia nyingi Tanzania hukutana sebuleni kuangalia sherehe za Uhuru, pilau ikinukia jikoni. Nawapongeza hasa wazee wa nyumba hizo. Gwaride likishapita, babu huomba televisheni ipunguzwe sauti, kisha huwasimulia wajukuu usiku ule wa 1961, bendera ya Tanganyika ilipopandishwa na Luteni Alexander Nyirenda akausimika Mwenge wa Uhuru kileleni mwa Kilimanjaro: kijijini kwao ngoma zilipigwa wapi, watu walikula nini, nani alilia kwa furaha. Vitabu vya shule havina habari hizo za kijiji. Watoto nao huuliza maswali mazito, na wana haki ya kujibiwa. Wazee wanaoukumbuka usiku ule wamebaki wachache. Wakalisheni na watoto Desemba hii.